Shangazi, darasa zima linajua mimi ni daktari

Shangazi shikamoo. Naomba jina langu usilitaje hata kwa bahati mbaya maana mle ndani kuna watu wanakusoma kila wiki.

Ngoja nianze na grupu. Mwezi uliopita niliunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu la sekondari, tumemaliza miaka 20 iliyopita na wengi sijawaona tena tangu siku tuliyoagana getini kila mtu na begi lake. Siku ya kwanza nilifurahi mpaka nikapitiliza kituo nikiwa kwenye basi. Watu wanatupia picha za zamani, wanakumbushana nani alikuwa anakoroma, nani alikuwa anaongea usingizini, mwalimu gani ukikaa mbele anakunyeshea mate. Kuna picha moja nimo, nimesimama mstari wa mbele soksi moja imeshuka, nimekumbatia zawadi ya namba moja kama mtu anayejua ataporwa.

Basi bwana adimini (alikuwa kiranja mkuu, hajabadilika hata chembe) akaja na fomu yake. Jina, jina la utani, ndoa, watoto wangapi, kazi, unaishi wapi. Kila mtu ajaze "ili tujuane upya" kabla ya kuonana, maana tumepanga kukutana wiki tatu zijazo. Watu wakaanza kushusha. Mkurugenzi. Injinia. Mwingine ana kampuni mbili. Mwingine hata sura yake hakuweka, kaweka picha ya nyumba. Tupo 47 na mpaka leo waliojaza ni 19, mimi kila nikianza kuandika nafuta, naandika nafuta, na wenzangu wanaona pale juu "anaandika" inakuja inapotea mpaka mmoja akasema "Dokta naona anatuandikia kitabu".

Dokta ndio mimi. Walinipa hilo jina tangu kidato cha pili kwa sababu nilikuwa kipanga wa baiolojia, na kweli tulipomaliza nikachaguliwa chuo kusoma udaktari. Wenzangu habari zangu wanazijua mpaka hapo tu. Wasichojua ni kwamba nilidisko, yaani niliachishwa chuo, mwaka wa pili. Nilipata sapu (mtihani wa marudio), nikarudia mwaka, nikafeli anatomia tena, barua ikaja. Nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima, mtu akigonga mlango naingia chumbani. Baadaye nikapata kazi duka la miwani, kufagia na kupokea wateja, fundi wa pale akaanza kunifundisha kidogo kidogo na leo ni mwaka wa 14 mimi mwenyewe ndio fundi. Nakata lenzi, nabadilisha fremu, nafunga vile viskrubu ambavyo ukipiga chafya tu kimoja kimeruka na unakitafuta kwa sumaku. Kazi yangu naipenda Shangazi, hapo sikudanganyi. Niliolewa tukaachana, nina mtoto mmoja wa miaka 9.

Sasa tatizo lenyewe. Siku ya tatu mtu akauliza kwenye grupu "Dokta wetu siku hizi uko hospitali gani?" Mi nikajibu na kikatuni cha kucheka na kingine cha mkono unapunga. Basi. Sikusema ndio sikusema hapana. Wao wakachukua ndio, na tangu hapo Dokta si jina la utani tena.

Juzi yule niliyekaa naye deski moja miaka yote minne akaja inboksi. Kwanza voisi noti ya dakika 6, kumbukumbu tupu, nikacheka nikalia. Halafu ikafuata picha ya vidonge vya presha vya mama yake pamoja na karatasi ya vipimo, anasema mama akiinuka tu anapata kizunguzungu, je wampunguzie kidonge au waache kabisa kwanza. Nikamjibu "ngoja niangalie". Sijui kwa nini niliandika vile Shangazi, vidole vilienda vyenyewe. Leo ni siku ya pili, nimezima tiki za bluu asijue kama nimeshasoma meseji yake nyingine.

Nawaza nijitoe grupu kimyakimya. Au siku ya kukutana niseme naumwa. Au nimwage kila kitu wacheke wamalize. Watu walioniacha nikiwa namba moja, hii miaka 20 nawaelezaje?

Ni mimi kipanga wa zamani

---

Marahaba mwanangu.

Usiendelee kusoma. Toka hapa, fungua inboksi ya mwenzio wa deski, nakili haya umtumie, kisha urudi tuendelee:

"Nisamehe nimekuweka siku mbili. Mimi si daktari. Chuo niliachishwa mwaka wa pili, na kwenye grupu nilipoulizwa nilicheka badala ya kusema. Usipunguze wala kuacha dawa ya mama kwa maneno ya mtu yeyote wa kwenye simu, mpeleke leo kwa waliomwandikia, waambie hicho kizunguzungu kinakuja akiinuka. Ukishafika niambie wamesemaje."

Umetuma? Haya, sasa kaa.

Nimeanza huko kwa sababu barua yako yote inalia kuhusu grupu, wakati grupu linaweza kusubiri mpaka mwakani hakuna atakayeumia. Huyu wa inboksi hawezi. Kuna dawa za presha ambazo mtu akizikata ghafla presha inaruka juu, na kwa upande mwingine mtu mzima anayeona kizunguzungu kila akisimama anaweza kuanguka akavunjika nyonga hapo hapo kitandani kwake. Pande zote mbili ni hatari na wa kuamua ni daktari anayemtibu yule mama, aliyempima na anayejua kampa nini. Wewe uliposema "ngoja niangalie" mwenzio aliacha kutafuta mtu mwingine. Ndio maana nakusema kwa ukali kidogo. Kile kikatuni cha kucheka ningekusamehe siku hiyo hiyo, ni aibu tu, nani hajawahi kucheka ili swali lipite. Ila tangu ile picha ya vidonge ilipoingia kwenye simu yako mambo yalibadilika, na moyoni ulijua, la sivyo tiki usingezizima.

Atakasirika? Huenda. Siku moja, mbili. Mtu aliyekaa na wewe deski moja miaka minne anakujua ulivyokuwa unajikausha ukipata swali gumu, mimi nina wasiwasi kwamba kile kicheko hakikumdanganya sana kama unavyofikiri, ila alihitaji msaada akaamua kuamini.

Sasa tuje kwenye hilo grupu lako.

Mambo ya kujitoa kimyakimya ondoa kichwani. Ni kweli WhatsApp siku hizi ukitoka kwenye grupu tangazo wanaliona maadimini peke yao, haitangazwi kwa wote kama zamani. Lakini orodha ya waliotoka inakaa kwenye taarifa za grupu siku 60 na mwanagrupu yeyote akitaka anaifungua. Na huyo kiranja wako mkuu, kwa nilivyomuelewa, ndio aina ya mtu anayefungua. Atauliza "Dokta kulikoni?" mbele ya watu wote, halafu utatafutwa kwa simu na watu 10. Kuumwa siku ya kukutana ni mbaya zaidi, maana kila mtu atashangaa daktari gani huyu, na mwenzio wa deski atakuwepo pale anajua ukweli na kalazimika kukubebea uongo.

Kumwaga kila kitu nako sikushauri. Wewe unafikiri una njia mbili tu, kujificha au kuungama. Grupu si mahakama wala si kitubio. Hawa watu hukuwaibia kitu kwa kufeli anatomia, uliyekosana naye ni mmoja na umeshamwambia. Waliobaki wanahitaji mistari michache ya kweli, basi, wala hawahitaji ile barua ya chuo na mwaka mzima wa kujifungia chumbani. Ndoa yako je? Kama hujisikii kuitaja usiitaje, andika una mtoto wa miaka 9 ishia hapo, mwenye akili ataelewa na asiye na akili hata ukimwandikia kurasa tano atauliza tu.

Halafu hiyo fomu yenyewe. Mi sijui nani aliwaambia watu kwamba mtu na mwenzie wakipotezana miaka 20 wakutane kwa kujaza fomu kama wanaomba mkopo. Ndoa, watoto, kazi, unaishi wapi. Aliyefiwa na mume ajaze nini hapo? Aliyetafuta mtoto miaka 12 hakupata aandike sifuri? Umesema mpo 47 na waliojaza 19, sasa hao 28 waliobaki unadhani wako bize sana? Wachache labda. Wengine wamekaa kama wewe, wanaandika wanafuta. Umekazana kusoma wale 19 mpaka umesahau kwamba mko wengi zaidi mliokaa kimya, na wakurugenzi na mainjinia ndio walioanza kwa sababu kwao hiyo fomu ni tamu kuijaza.

Nikuambie na la kwangu. Miaka kadhaa nyuma darasa letu nalo lilitafutana, na mimi nikakaa jioni nzima natunga. Nikaweka vyeo, nikaweka niliposoma, nikaweka safari, nikapanga maneno mpaka yakang'aa. Nikatuma. Wa kwanza kujibu akaandika hivi: "Hongera. Bado unatafuna kalamu?" Nilikuwa natafuna mifuniko ya kalamu mpaka inabaki kama kitu kilichotoka mdomoni kwa mbuzi, mi mwenyewe nilishasahau kabisa. Vyeo vyangu vyote hakuna aliyevigusa, tulicheka kuhusu kalamu siku mbili.

Ndivyo kumbukumbu za darasani zilivyo, na hata waliochunguza jambo hili wamekuta kitu kinachofanana. Mwaka 1975 huko Marekani Harry Bahrick na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima watu 392 waliomaliza sekondari, wengine wakiwa wametoka shule juzi na wengine karibu nusu karne nyuma. Waliwaonyesha sura kutoka vile vitabu vya picha vya wahitimu. Hata waliomaliza miaka kama 34 nyuma walikuwa bado wanazitambua sura za wenzao karibu mara 9 kwa kila 10, ila ukiwaambia wataje majina kwa kichwa tu bila kuonyeshwa kitu walikuwa wanakwama vibaya. Kwa hiyo wakikuona watakujua kabla hujafungua mdomo, lile soksi lililoshuka wanalo kichwani. Sasa ulivyokuwa wa ngapi kwenye mtihani gani, mwanangu, hayo unayo wewe na labda yule aliyekuwa namba mbili.

Na kuna jaribio lingine napenda kulisimulia watu wenye aibu, la kina Thomas Gilovich, lilitoka mwaka 2000. Walimvalisha mwanafunzi fulana yenye sura kubwa ya mwanamuziki Barry Manilow, ambaye vijana wale ungewalipa wasingejitangaza kwamba wanampenda, halafu wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Akitoka wanamuuliza, unadhani wangapi wameona fulana yako ni ya nani? Waliovaa walikadiria karibu nusu ya chumba. Ukweli ilikuwa karibu robo. Wewe umevaa fulana imeandikwa NILIDISKO na unaamini watu 46 wamekaa wanaisoma. Wana fulana zao.

Simaanishi hakuna atakayesema kitu. Atakuwepo mmoja, kila darasa linaye, atakuja na ile "aisee, na tulivyokuwa tunakutegemea wewe!" Mwache amalize. Usimfafanulie, usimpe historia ya sapu na marudio, utajikuta unajitetea na yeye wala hakuwa anasikiliza. Mjibu kwa sentensi moja halafu mpokonye mpira: "Anatomia ilinishinda mara mbili wakanitoa. Wewe ile kazi ya urubani uliyokuwa unatutambia iliishia wapi?" Ifanyie mazoezi nyumbani, mbele ya kioo, mpaka iwe inatoka bila sauti kutetemeka. Nasema kwa dhati, neno ambalo hujawahi kulitamka kwa sauti siku ya kwanza linakaba. Wewe miaka yote hii nahisi neno "nilifeli" umelitamka labda kwa mama yako na kwa mwanaume mmoja.

Kuhusu hilo jina la Dokta, usilikatae. Ni jina la utani mlilopeana mkiwa watoto, kama ambavyo mtu akiitwa Twiga hakuna anayetegemea awe twiga. Ila livue ule uongo ulioliganda. Mi ningeandika hivi, na wewe badilisha maneno yawe ya kwako, usitume yangu watajua si mkono wako:

"Wazee, ni Dokta, yule wa soksi. Nilipoulizwa hospitali nilicheka kwa sababu niliona aibu, udaktari sikumaliza, niliachishwa mwaka wa pili. Mimi ni fundi miwani, mwaka wa 14 huu, nakata lenzi na kufunga skrubu na napenda kazi yangu. Nina mtoto wa miaka 9 ambaye ameona ile picha ya soksi na hanipi amani. Mwenye swali la tiba asinitumie, mwenye miwani iliyolegea aje nayo. Nani bado anaongea usingizini?"

Unaona lile swali la mwisho. Usiliache. Ukimaliza na habari zako tu watu wanakosa cha kushika, wataweka dole gumba na kupita. Ukimaliza na swali linalomhusu mtu, mazungumzo yanahamia kwake ndani ya dakika mbili na habari ya udaktari inapanda juu huko hakuna anayeifuata. Pia tuma mchana, watu wakiwa kwenye shughuli zao, usitume saa sita usiku halafu ukakodolea simu macho mpaka asubuhi unahesabu nani kasoma. Na ukishatuma ndani ya dakika 15 WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe, nakuomba hizo dakika 15 simu uiweke chumba kingine, maana nakujua, utaanza kuondoa neno "niliachishwa" uweke "niliacha".

Kingine nilichocheka peke yangu nikisoma barua yako. Mmemaliza miaka 20 iliyopita, kwa hiyo wote mnakaribia 40 au mmeshaigusa. Wewe unajua kuliko mimi kinachotokea hapo, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa, maandishi ya karibu yanagoma, mtu anaanza kusogeza simu mbali kidogo, mbali tena, mpaka mkono unaisha. Siku mtakayokutana watazame mkurugenzi na injinia watakavyokuwa wanasoma meseji kwa kunyoosha mkono na kukunja sura, na hawatakubali kwamba wamefika umri wa miwani, watasema taa ya humu ndani ni hafifu. Beba bisibisi yako ndogo kwenye pochi. Sikuambii ukatafute wateja, ila najua mafundi, utaona fremu imekaa upande kwenye pua ya mtu na utashindwa kujizuia, na pale ukishaivua miwani ya mtu, ukaipuliza, ukaikaza, ukamrudishia usoni inakaa sawa, mtakuwa mmeshaanza kuongea na hujajieleza kitu.

Nenda. Usichelewe kwa makusudi ukidhani utaingia bila kuonekana, anayechelewa ndiye anayegeukiwa na wote. Fika mapema mkiwa watatu wanne bado mnasogeza viti.

Na huyo wa deski, hata kama amekujibu kwa neno moja kavu, au hajajibu kabisa, kesho mtumie tena meseji ya kumuulizia mama yake, usijiombee msamaha mara ya pili. Mama kaonwa? Wamebadilisha dawa? Akishakujibu niandikie, hilo ndilo nataka kulisikia kabla ya habari za grupu.